Vitunguu Kwenye Sufuria la Mbwa

Nimepika shughuli miaka thelathini na miwili. Nimepikia harusi, nimepikia misiba, nimepikia wakubwa ambao walikula, wakafuta midomo, wakaondoka bila hata asante. Naanza na hilo ili ujue kiburi changu kilitoka wapi. Nisipokitaja nitakuwa nimesema uongo mwingine, na uongo wa mwaka huu unanitosha.

Magoti yaliponigomea, niliacha masufuria ya shughuli nikaingia kwenye kampuni moja ya ulinzi. Kazi ilikuwa nyepesi: chai ya asubuhi na maharage ya mchana kwa walinzi wa pale makao makuu. Jiko liko nyuma ya ofisi, na linatenganishwa na mabanda ya mbwa kwa ukuta mmoja tu. Mbwa walikuwa sita. Wakati huo walikuwa wakila chakula kikavu cha magunia, na mimi na wao hatukuwa na neno.

Kisha magunia yakapanda bei, meneja akashika kichwa, akamwita daktari wa mifugo. Daktari mwenyewe binti mdogo, rika la mwanangu wa mwisho, mabuti ya mpira yamemzidi miguu. Akasema mbwa wanaweza kulishwa kwa gharama ndogo na wakanawiri, ila kwa masharti. Asubuhi wapewe nyama mbichi yenye mifupa laini, iliyogandishwa kwenye friza wiki nzima au zaidi ili minyoo ife. Alasiri wapewe chakula cha kupikwa: moyo, mapafu, maini kidogo tu, wali, boga, na unga wa maganda ya mayai yaliyokaushwa yakasagwa. Ini au pafu likionekana na vifuko vya maji lizikwe, mbwa asilinuse, kwa sababu minyoo ya humo ikishaingia kwa mbwa inakuja mpaka kwa watu. Mfupa uliopikwa marufuku, unapasuka vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Vyombo vya mbwa visichanganywe na vya watu, na mikono ioshwe kwa sabuni.

"Na wewe mzee wangu mpishi," akanigeukia, "chumvi hapana, viungo hapana. Kitunguu ndiyo hapana kabisa, kitunguu maji wala kitunguu saumu, kibichi wala kilichoiva. Kwa mbwa ni sumu."

"Sawa, daktari," nikaitikia. Moyoni nikasema, huyu kazaliwa lini.

Kazi ya nyama mbichi nilimtafutia shemeji yangu, mke wa marehemu mdogo wangu. Tangu mdogo wangu afariki alikuwa akihangaika na vibarua vya kufua, na ana binti mmoja anayesoma. Nikamwambia meneja, huyu mama ukimpa kisu na nyama huna haja ya kurudi kuangalia. Ikawa kweli. Kila asubuhi anatoka machinjioni na ndoo yake, anapasua kila ini, anabonyeza kila pafu kwa vidole, linalomtia shaka analizika kwenye shimo lenye chokaa. Mifuko yote ya kwenye friza kaiandika tarehe. Meza yake ilikuwa safi kuliko yangu, na mimi si mchafu.

Basi siku ya kwanza ya sufuria la alasiri nikapika kama nilivyoagizwa. Lo! Mapafu yaliyochemshwa bila kitu yana shombo, ndugu yangu, shombo linaloingia kwenye nguo likakufuata mpaka nyumbani. Walinzi walikuwa wakipita dirishani wameziba pua.

"Mzee wa Shughuli!" mmoja akaniita kwa jina walilonipachika. "Leo umetupikia soksi?"

Wakacheka wote. Mwingine akasema kumbe zile sifa za harusini zilikuwa za mkeo. Mimi nilicheka nao, lakini liliniuma. Mtu niliyekuwa nikiondoa harufu kwenye nyama ya mbuzi beberu hadi wageni wanalamba vidole, leo naambiwa napika soksi.

Kila mpishi anajua dawa ya shombo. Kitunguu, kikatwe chembamba, kikaangwe taratibu mpaka kiyeyuke. Vitunguu vilikuwepo pale pale jikoni, kikapu kizima, vya maharage ya walinzi. Sitasema mkono ulikwenda wenyewe. Niliupeleka mimi.

Siku hiyo ya pili nilitia viwili tu. Mbwa wakala, wakapiga mikia, hakuna aliyeanguka. Nikajisemea, sumu gani hii? Kesho yake nikatia vinne. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa natia kumi, vikubwa, navisaga kwanza ili visionekane, na kwa kuwa jiko zima lilinukia kitunguu cha maharage, hakuna aliyeshangaa. Walinzi wakawa wanachungulia dirishani na kusema, "Mzee, hicho cha mbwa kikibaki utukumbuke." Nilikuwa nakwenda nyumbani nimevimba kichwa.

Shemeji ndiye aliyekuwa akiosha lile sufuria. Siku moja alisimama nalo mlangoni, maji yanamdondoka kwenye viwiko, akasema kwa upole, "Shemeji, sufuria la mbwa siku hizi lina harufu nzuri."

"Asante," nikamjibu. Nilidhani ananisifu.

Katika wale mbwa sita alikuwemo mmoja, jike, mzee, mwenye ndevu nyeupe, tukimwita Bibi. Alikuwa amestaafu kama mimi. Mkufunzi wa mbwa, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alimlea tangu akiwa mtoto na hakutaka aondolewe, kwa hiyo Bibi hakufungiwa, alikuwa akizunguka uani atakavyo. Kila alasiri alikuja mlangoni kwangu, anakaa, ananitazama. Hakubweka wala hakudai. Nikawa namkwangulia sufuria. Kile kinachoganda chini, penye mafuta na vitunguu vyote vilivyozama, nilimpa yeye, kwa mkono wangu, kwa sababu nilimpenda.

Wa kwanza kulegea alikuwa dume moja la zamu. Alilala chini kwenye lindo, mbele ya mteja, akagoma kuinuka. Siku mbili baadaye akafuata mwingine. Kisha Bibi akaacha kuja mlangoni. Nilimkuta amejilaza kwenye kivuli cha tangi la maji, anahema kama aliyekimbia, na alipokojoa mkojo ulikuwa na rangi ya kahawa. Nikarudi jikoni, nikavitazama vile vitunguu kwenye kikapu, nikatoka tena nje. Ndani hapakukalika.

Daktari alikuja asubuhi yake. Tukaitwa wote uani: meneja, mkufunzi, shemeji na mimi. Alikuwa amechuchumaa kwa Bibi, amemfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe.

"Damu yao inavunjika," akasema. "Hali hii inaletwa na mambo machache. Inaweza kuwa homa ya kupe. Inaweza kuwa sumu." Akainua uso. "Nauliza, na simtafuti mtu wa kumlaumu. Kuna yeyote aliyewapa kitunguu? Hata kidogo? Hata makombo?"

Akanitazama mimi kwanza. Ilikuwa haki yake.

Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu. Lakini meneja alikuwa pale na simu mkononi, na walinzi wawili walikuwa wameegemea ukuta, wale wale wa soksi, na nikajiona nikiitwa mpishi aliyeua mbwa baada ya kulisha watu miaka thelathini.

"Hapana, daktari," nikasema. "Ulikataza, nikaacha."

Shemeji alikuwa amesimama upande wangu wa kushoto. Aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, na ingekuwa hasira ningeimudu. Kisha akainamisha kichwa akaanza kukunja aproni yake, anaikunja, anaikunjua.

"Basi ni hiyo nyama mbichi," meneja akasema. "Mimi tangu mwanzo sikuiamini."

"Nyama mbichi haileti hali hii," daktari akamjibu. "Nimeikagua friza, iko sawa kabisa. Nitachukua damu ipimwe."

"Majibu lini?"

"Siku tatu, nne."

"Sina siku nne. Mteja ameshanipigia mara mbili." Akamgeukia shemeji. "Mama, nyama unachagua wewe?"

"Ndiyo, ninachagua mimi."

"Una la kusema?"

Nilijua analo la kusema. Nilisimama pale namwomba Mungu asilitamke, na hiyo ndiyo dua ninayoionea aibu kuliko zote nilizowahi kuomba.

"Sina," akasema.

Akaambiwa arudi nyumbani mpaka atakapoitwa, na sote tunajua maana ya mpaka utakapoitwa. Alinawa mikono, akaning'iniza aproni kwenye msumari, akapita mbele yangu akasema, "Haya, shemeji, kazi njema." Nami nikamwitikia.

Siku hiyo sikutia kitunguu. Wala kesho yake. Nikajidanganya kwamba sasa mambo yatajiponya yenyewe: mbwa watapata nguvu, meneja atapoa, nitamwombea shemeji arudishwe, na hakuna atakayejua. Na kweli wale watano walianza kuinua vichwa. Bibi hakuinua. Bibi alikuwa amekula sehemu yake na ukoko juu yake.

Siku ya tatu nilimkuta daktari uani anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Mkufunzi alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye saruji, kichwa cha Bibi mapajani.

"Ya kupe hiyo?" mkufunzi akauliza.

"Ya kupe. Nilimpa moja juzi. Ni dawa kali kwa mbwa aliyechoka hivi, sipendi kuirudia," daktari akasema. "Lakini majibu ya damu hayajaja, na kama si sumu, basi sina kingine cha kushika."

Kama si sumu. Alikuwa ameshika neno langu. Binti yule niliyemdharau kwa mabuti yake alikuwa ameamini neno la mtu mzima, na kwa neno hilo alikuwa anataka kumchoma mbwa anayekufa dawa isiyo yake.

"Usimchome," nikasema.

Wakanitazama.

"Ni vitunguu. Nilitia mimi. Karibu wiki tatu. Mwishoni kumi kwa siku, na huyu nilikuwa nampa ukoko wa chini ya sufuria."

Daktari aliifunika sindano kwa kifuniko chake, akaiweka kwenye mkoba. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nayahitaji, nadhani yangenisaidia.

"Ungeniambia juzi," akasema, "ningetafuta mbwa mzima wa kumtolea damu. Juzi alikuwa bado ana nguvu ya kupokea." Akamshika Bibi sikio. "Ngoja nijaribu."

Alijaribu. Alipiga simu kila mahali, akapata mbwa mmoja wa mfugaji wa ng'ombe, akamleta mwenyewe ndani ya gari lake. Haikufaa kitu. Bibi alikufa kesho yake saa tano asubuhi, mkufunzi akiwa naye. Alimfunga kwenye koti lake la kazi, akachimba mwenyewe nyuma ya mabanda. Niliposogea na jembe la pili alilipokea, akaliweka kando, akaendelea kuchimba na lake.

Meneja aliniita ofisini. Nilitaka kufukuzwa. Badala yake akasema, bila hata kuniinulia uso, "Wewe baki na maharage yako. Sufuria la mbwa atalishika yule mama. Nenda ukamwite." Walinzi nao hawakunitania tena. Wanapita dirishani kimya, wanakula kimya. Sikujua kwamba ukimya wa watu unaweza kukufanya uvikumbuke vicheko vyao.

Nilikwenda kwa shemeji alasiri ile ile. Anakaa chumba na sebule, pazia limegawanya. Alikuwa akipiga pasi nguo za watu, rundo limefika kwenye dirisha. Kumbe amerudi kwenye vibarua. Binti yake alikuwa mezani na daftari, sare ya shule bado mwilini, kola imechanika upande mmoja na chini ya jicho ana mchubuko.

"Shikamoo, baba mkubwa," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umeanguka?"

Akainamia daftari lake. Mama yake akaweka pasi wima, akanivutia kiti.

"Karibu, shemeji. Keti. Chai ipo."

Nikakaa. Nikamwambia kwamba ameitwa kazini, sufuria na nyama vyote viko mikononi mwake, meneja amesema. Nikamwambia kwamba nimesema ukweli. Nikamwambia kwamba Bibi amekufa.

"Nimesikia," akasema. "Masikini, Bibi."

"Shemeji, wewe ulijua."

"Nilikuwa naliosha mimi lile sufuria." Alikuwa akinyoosha mkono wa shati na hakuinua macho. "Nikakwambia lina harufu. Ungetaka nikwambieje?"

"Mbona hukusema pale?"

"Mbele ya meneja? Mbele ya wale vijana wanaokucheka?" Akatikisa kichwa. "Nilikuonea haya, shemeji. Wewe ndiye uliyenipeleka pale. Wewe ndiye uliyesimama kwenye kaburi la mdogo wako ukasema hawa ni wangu. Nikasema, atasema mwenyewe. Nikifika getini ataniita. Basi nikatembea polepole." Akakunja shati. "Nilipofika barabarani nikajua huniiti."

Chai ilikuwa mbele yangu. Sikuigusa.

"Nisamehe," nikasema.

"Mimi nimeshakusamehe. Nitarudi kesho, kazi naihitaji." Akaelekeza kidevu mezani. "Huyo ndiye wa kuongea naye. Mlinzi mmoja ana mtoto shuleni kwao. Wanamwita mtoto wa mama mzoga. Wanasema mama yake amelisha mbwa nyama iliyooza mpaka wakafa. Jana kapigana na wasichana watatu."

Binti alikuwa ameacha kuandika. Ana paji la uso la mdogo wangu, na anapokasirika linajikunja pale pale lilipokuwa likijikunja la baba yake. Nimesimama mbele ya mabwana wa harusi na ubwabwa umeungua chini, nikatoa maelezo bila kutetemeka. Mbele ya mtoto wa darasa la sita nilitafuta pa kuweka mikono.

"Mwanangu," nikasema, "mama yako hakufanya kosa. Nyama yake ilikuwa safi. Niliyewaumiza mbwa ni mimi. Daktari alinikataza kitunguu, nikatia, kisha akaniuliza nikakana."

Akaweka kalamu chini.

"Kwa nini hukusema walipokuwa wanamfukuza?"

"Niliona aibu."

"Na mama je?" akauliza. "Yeye hakuona aibu?"

Mama yake akamwambia, "Wee, ongea na baba yako mkubwa vizuri," lakini alimwambia kwa sauti ndogo, na hakurudia. Nami nikasema mwache, ameuliza swali zuri. Jibu nililitafuta pale kwenye kiti hadi chai ikaweka utando.

"Basi njoo kesho shuleni uwaambie na wao," binti akasema. "Mimi hawaniamini. Tunatoka saa tisa."

Akarudi kwenye daftari lake. Hakuwa akinitisha, alikuwa amepanga tu jambo linalotakiwa kufanyika.

Usiku mzima nilitunga udhuru. Magoti, maharage, zamu. Kesho yake saa nane na nusu nilifunika sufuria, nikamwomba mlinzi mmoja alitazame, naye aliponiuliza nakwenda wapi nikamwambia ukweli, nikamwona anatazama chini.

Nilisimama nje ya geti la shule, kengele ikalia. Watoto wakamwagika nje, mamia yao, mabegi mgongoni, wanasukumana. Binti alitoka karibu na mwisho, peke yake, kola imeshonwa kwa uzi usiofanana. Aliponiona hakutabasamu. Alikuja akasimama kando yangu, akanionyesha kwa kidole kundi la wasichana waliokuwa kwenye ukuta, na nyuma yao wavulana kadhaa ambao tayari walikuwa wameanza kubweka.

Nikavua kofia. Nikasema kwa sauti niliyokuwa nikiitia wapakuzi shughulini, ili nisilazimike kurudia, "Watoto, njooni hapa. Mnamwona huyu? Mama yake hajaua mbwa yeyote. Aliyeua ni mimi."

Wengine walicheka. Mmoja akauliza, "Wewe babu ni nani?"

"Mimi ni baba yake mkubwa," nikasema, na nilimsikia binti kando yangu akisogea nusu hatua mbali na mimi.